Watu Walihama, Makanisa Yakabaki

Tarehe 8 Mei 2025, jina la Robert Francis Prevost lilipotangazwa Vatikani kuwa ndiye Papa mpya, Leo XIV, waandishi wa habari wa Chicago hawakukawia kuitafuta parokia iliyomlea. Waliikuta kusini kabisa mwa jiji hilo, jirani na mji mdogo wa Dolton alikokulia. Katika kanisa hilo la Mtakatifu Maria ndimo mama yake alimokuwa akiimba kwaya, na ndimo Robert na kaka zake walimokuwa wakitumikia Misa. Sasa paa lilikuwa limetoboka, kuta zimechorwachorwa, na hakukuwa na padre wala waumini. Parokia ilifungwa mwaka 2011, miaka 14 kabla ya mtoto wake kuketi katika kiti cha Petro.

Wakatoliki wa miji ya zamani ya Marekani hawakushangaa. Wengi wao wanalo kanisa la aina hiyo: walipobatizwa wenyewe au walipofunga ndoa wazazi wao, na ambamo leo hamsomwi Misa. Chicago ilikuwa na parokia 344 wakati Kardinali Blase Cupich alipoanza kuzipanga upya mwaka 2016. Miaka michache baadaye zilikuwa zimebaki chini ya 230. Pittsburgh ilitangaza mwaka 2018 kwamba parokia 188 zingeunganishwa na kubaki 57. Jimbo Kuu la New York, mwaka 2014, lilitangaza kuunganisha parokia 112 ziwe 55. St. Louis ikafuata mwaka 2023, ikishuka kutoka parokia 178 hadi 134.

Ni rahisi kusema kwamba Wamarekani wameacha dini, basi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Makanisa mengi ya mijini yalianza kupungukiwa watu zamani, wakati waumini wake walipokuwa bado wakisali kila Jumapili, ila mahali pengine.

Kila taifa na kanisa lake

Kati ya mwaka 1840 na miaka ya 1920, mamilioni ya Wakatoliki kutoka Ulaya waliingia Marekani kutafuta kazi. Waairishi, Wajerumani, Waitaliano, Wapolandi, Waslovakia, Wahungaria na Walithuania walijazana katika miji ya viwanda, karibu na tanuri za chuma, machinjio, migodi na bandari. Walikuja na lugha zao, watakatifu wao na nyimbo zao. Mpolandi hakutaka kuungama kwa padre asiyejua Kipolandi, na Mjerumani hakutaka mahubiri ya Kiingereza. Maaskofu wakakubali kuanzisha parokia za kitaifa, zilizogawanywa kwa lugha badala ya mipaka ya mitaa peke yake.

Ndiyo maana katika mtaa mmoja wa Chicago au Cleveland mtu angeweza kukuta makanisa matatu au manne ya Kikatoliki, yote makubwa, yakitenganishwa na mwendo wa dakika chache kwa miguu. Yalijengwa kwa senti za vibarua na watumishi wa majumbani. Kando ya kila kanisa palikuwa na nyumba ya mapadre, shule na nyumba ya masista. Humo watu walizaliwa, wakasoma, wakaoana na kuzikwa. Katika Chicago ya zamani, Mkatoliki aliyeulizwa anatoka wapi alitaja jina la parokia yake kabla ya jina la mtaa.

Kanisa la Mtakatifu Adalbert, katika mtaa wa Pilsen jijini humo, linaeleza historia hiyo vizuri. Parokia ilianzishwa na Wapolandi mwaka 1874, na kanisa lenye minara miwili mirefu likakamilika mwaka 1914. Wapolandi walipohama, Wamexico waliingia mtaani, na kanisa likaendelea kuishi kwa Misa za Kihispania. Lakini gharama ya kukarabati minara ilikuwa mzigo mzito, na Julai 2019 ikasomwa Misa ya mwisho. Miaka mitatu baadaye, sanamu ya Bikira Maria akimpakata Yesu aliyekufa ilipokuja kuondolewa, waumini wa zamani walisimama nje kupinga.

Viunga vyavuta watu

Baada ya Vita Kuu ya Pili, maisha ya miji hiyo yaligeuka. Serikali ya Marekani iliwadhamini askari waliorudi vitani wapate mikopo ya nyumba, barabara kuu zikajengwa, na magari yakawa ya watu wengi. Watoto wa wahamiaji, waliokuwa wamebanana katika nyumba za ghorofa za kupanga, wakanunua nyumba zenye bustani katika viunga nje ya jiji.

Ubaguzi wa rangi uliongeza kasi. Wamarekani Weusi waliokuwa wakitoka majimbo ya kusini kutafuta kazi walipohamia mtaa fulani, Wazungu wengi waliuza nyumba na kuondoka. Mabenki nayo yalikataa kukopesha katika mitaa ya Weusi, hivyo nyumba zikachakaa na biashara zikafungwa. Kisha viwanda vyenyewe vikaanza kufa.

Takwimu za sensa zinatisha. Detroit ilikuwa na watu zaidi ya 1,800,000 mwaka 1950. Mwaka 2020 walibaki 639,000. Cleveland ilishuka kutoka watu 915,000 hadi 373,000 katika muda huohuo. St. Louis, iliyokuwa na watu 857,000, mwaka 2020 ilikuwa na takriban 300,000. Hakuna kanisa linaloweza kubaki lilivyokuwa wakati karibu theluthi mbili za wakazi wa jiji wameondoka.

Wakatoliki waliohama hawakuacha kusali papo hapo. Maaskofu waliwajengea parokia mpya huko viungani, zenye maegesho mapana ya magari na shule za kisasa. Sadaka iliyokuwa ikitunza kanisa la mjini ikawa inalipia kanisa jipya. Mjini walibaki wazee, maskini, na Wakatoliki Weusi ambao tangu mwanzo hawakuwa na fedha nyingi. Wachache hao waliachiwa jengo la viti elfu moja, lenye paa la karne iliyopita na mitambo ya kupasha joto inayomeza mafuta majira ya baridi.

Pigo la kwanza kubwa lilitua Detroit. Mwaka 1988, Kardinali Edmund Szoka alitangaza mpango wa kufunga makanisa 43 ya mjini. Kulikuwa na maandamano na machozi, lakini katika mwaka uliofuata karibu makanisa 30 yalifungwa. Wakati huo lilionekana jambo la ajabu lisilowahi kutokea. Leo majimbo mengi yamepita njia hiyohiyo.

Imani yapungua, mapadre wapungua

Wimbi la pili lilikuwa la imani yenyewe. Shirika la utafiti wa maoni la Gallup lilikuta mwaka 1955 kwamba Wakatoliki 75 kati ya 100 walikuwa wamekwenda kanisani katika wiki iliyopita. Kati ya mwaka 2014 na 2017 walikuwa 39 tu. Kituo cha utafiti cha Pew nacho kilikuta kwamba Wakatoliki, waliokuwa asilimia 24 ya watu wazima wa Marekani mwaka 2007, walifikia asilimia 19 katika utafiti wa 2023 na 2024. Kwa kila mtu mmoja anayejiunga na Kanisa Katoliki, zaidi ya wanane waliolelewa humo wameondoka.

Mapadre walipungua pia. Mwaka 1970 walikuwa takriban 59,000 nchini kote. Siku hizi hawafiki 35,000, na wengi wamezeeka. Askofu mwenye parokia mia na mapadre sabini analazimika ama kumpa paroko mmoja makanisa mawili matatu, ama kuunganisha.

Upungufu wa masista ulifanya madhara yasiyotajwa sana. Mwaka 1970 walikuwa zaidi ya 160,000. Leo hawafiki 40,000. Hao ndio waliofundisha katika shule za parokia kwa posho ndogo, na kwa jasho lao mtoto wa kibarua alisoma kwa ada nafuu. Walipotoweka, parokia zikalazimika kuajiri walimu wa kawaida wenye mishahara na bima. Ada zikapanda, wazazi wakawatoa watoto, shule zikafungwa. Katikati ya miaka ya 1960 shule za Kikatoliki zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni tano. Sasa hawafiki milioni mbili. Na shule ikishafungwa, familia changa hukosa sababu kubwa ya kubaki katika parokia.

Jeraha la unyanyasaji

Mwezi Januari 2002 gazeti la Boston Globe lilianza kufichua jinsi Jimbo Kuu la Boston lilivyowahamisha mapadre waliowanajisi watoto kutoka parokia moja hadi nyingine badala ya kuwapeleka mbele ya sheria. Mwaka uliofuata jimbo lilikubali kuwalipa waathirika dola milioni 85. Mwaka 2004 likauza makao ya askofu mkuu na ardhi yake kwa Chuo cha Boston, na mwaka huohuo Askofu Mkuu Seán O'Malley akatangaza kufungwa kwa makumi ya parokia. O'Malley alisisitiza kwamba parokia hazikufungwa ili kulipa fidia. Waumini wengi hawakusadiki, na si vigumu kuona kwa nini: waliokuwa wamedanganywa juu ya usalama wa watoto wao wangeaminije hesabu za fedha?

Mwaka 2018 baraza kuu la wazee wa mahakama la Pennsylvania lilitoa ripoti kuhusu majimbo sita, Pittsburgh likiwamo. Lilitaja mapadre zaidi ya 300 waliotuhumiwa na watoto zaidi ya 1,000 walioumizwa katika miongo mingi. Majimbo kadhaa tangu hapo yameomba kinga ya mahakama ya ufilisi. Buffalo iliomba mwaka 2020. Baltimore iliomba Septemba 29, 2023, siku mbili kabla ya kuanza kutumika kwa sheria mpya ya Maryland iliyoondoa ukomo wa muda wa waathirika kushtaki.

Fidia ni haki ya walioumizwa, na haipaswi kulaumiwa kwa kufungwa kwa makanisa. Lawama ni ya waliotenda na waliowaficha. Hata hivyo, anayeona kanisa la bibi yake likitiwa kufuli baada ya habari hizo humezwa na uchungu wa aina mbili kwa wakati mmoja.

Walioketi, walioshinda

Sheria ya Kanisa haimpi askofu uhuru wa kufunga apendavyo. Kabla ya kufuta au kuunganisha parokia lazima asikilize baraza la mapadre wake. Kufuta parokia ni jambo moja. Kufunga jengo la kanisa moja kwa moja na kuliruhusu litumike kwa mambo ya kidunia ni jambo jingine, nalo linahitaji sababu nzito. Muumini anayeona ameonewa anaweza kukata rufaa, kwanza kwa askofu mwenyewe, kisha Vatikani, lakini muda ni mfupi mno: siku zinazohesabiwa ni kumi tu kwa hatua ya kwanza. Wengi hugundua haki hiyo muda ukiwa umeshapita.

Cleveland waliigundua mapema. Mwaka 2009 Askofu Richard Lennon aliamua kupunguza karibu parokia 50. Waumini wa Mtakatifu Kasimiri, kanisa la Wapolandi, walifungiwa mlango Novemba mwaka huo. Kila Jumapili, kwa zaidi ya miaka miwili, walikusanyika nje ya uzio, kwenye theluji na kwenye jua, wakasali na kuimba kando ya barabara. Wakati huo rufaa zao na za parokia nyingine zilikuwa Roma. Machi 2012 Vatikani ilitamka kwamba askofu hakufuata utaratibu katika parokia 13. Lennon hakubishana tena, na katika kiangazi hicho makanisa 12 yakafunguliwa, Mtakatifu Kasimiri likiwa mojawapo.

Huko Scituate, karibu na Boston, mambo yaliishia kwingine. Mwaka 2004 waumini wa Mtakatifu Fransiska Cabrini waliingia kanisani wakakataa kutoka. Walipangiana zamu, mchana na usiku, wengine wakilala ndani, kwa zaidi ya miaka 11. Walishindwa Roma, wakashindwa katika mahakama za Massachusetts, na Mei 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi yao. Wakafanya ibada ya mwisho, wakaondoka.

Mahali palipoliwa Ekaristi

Kanisa likishauzwa, sheria inataka lisitumike kwa jambo la aibu. Nani anaamua aibu ni nini? Jijini Pittsburgh, kanisa la Yohane Mbatizaji lilifungwa mwaka 1993, na miaka mitatu baadaye likafunguliwa kama mgahawa na kiwanda cha pombe. Matangi ya bia yaliwekwa pale ilipokuwa altare. Wapo wanaoshukuru kwamba jengo halikubomolewa, na wapo Wakatoliki wasioweza kukanyaga humo. Makanisa mengine yamekuwa nyumba za kupanga, shule, au viwanja vitupu.

Huko Syracuse, katikati mwa jimbo la New York, kanisa la Utatu Mtakatifu lililojengwa na Wajerumani lilifungwa mwaka 2010. Mtaa wake ulikuwa umejaa wakimbizi, wengi wao Waislamu. Mwaka 2014 likawa msikiti, nao wakaupa jina la Msikiti wa Isa bin Mariamu. Misalaba iliondolewa kwa ruhusa ya mamlaka ya mji inayolinda majengo ya kale. Baadhi ya Wakatoliki waliumia. Lakini humo bado watu humwabudu Mungu, wageni waliofika na mabegi machache kama wale Wajerumani wa zamani, na kwa majirani wengi hilo ni afadhali kuliko paa kuanguka.

Wanaojaza viti

Picha haiko hivyo kila mahali. Kusini na magharibi mwa Marekani, Wakatoliki wanajenga. Huko Visalia, California, kanisa la Mtakatifu Karoli Borromeo lenye viti takriban 3,200 lilitabarukiwa mwaka 2023, nalo hutajwa kuwa kanisa la parokia lililo kubwa kuliko yote Amerika ya Kaskazini. Wenye asili ya Amerika ya Kilatini sasa ni zaidi ya theluthi moja ya Wakatoliki wa nchi hiyo.

Hata katika miji inayofunga, wageni ndio wanaoziokoa baadhi ya parokia. Mapadre kutoka Nigeria, India, Tanzania, Kenya na Uganda sasa ni maparoko wa Wamarekani. Wakimbizi wa Kongo na Burundi wameleta Misa za Kiswahili katika miji kadhaa, na ngoma na vigelegele vinasikika katika makanisa yaliyojengwa na Waairishi. Uhusiano huu ni wa zamani. Mwaka 1946 mapadre wa Maryknoll, shirika la kimisionari lenye makao yake karibu na jiji la New York, walifika Musoma, na kutoka kwao walitokea maaskofu wa kwanza wa Shinyanga na Musoma. Fedha za kazi hiyo zilitoka katika parokia za Marekani, nyingine kati ya hizo leo zikiwa zimefungwa.

Uamuzi wa Baltimore

Baltimore ndilo jimbo la kwanza la Kikatoliki Marekani, lililoundwa mwaka 1789. Mei 2024 Askofu Mkuu William Lori alitangaza kwamba parokia 61 za jijini na pembezoni zingebaki 23, zenye maeneo 30 ya ibada. Kabla ya hapo kulikuwa na takriban miaka miwili ya mikutano, na baadhi ya mapendekezo yalibadilishwa baada ya waumini kupaza sauti. Mtakatifu Fransisko Ksaveri, parokia ya Wakatoliki Weusi yenye historia inayoanzia mwaka 1863, ilibakizwa. Nyingine nyingi hazikupona.

Hesabu za Baltimore hazina njia ya mkato. Kundi la watu sitini haliwezi kutunza jengo lililojengwa kwa ajili ya elfu moja, na paroko anayezunguka usiku kutengeneza mabomba hana muda wa wagonjwa. Kufunga baadhi ya makanisa ni lazima. Kosa ni kufunga kama ofisi inavyofunga tawi lisiloleta faida, kwa barua na takwimu, wakati waliobaki ni wale ambao hawakuwa na uwezo wa kuhama. Hao ndio waliotunza kanisa wengine walipoondoka, na hao ndio wanaoambiwa watafute basi la kwenda parokia ya mbali. Askofu anayefungua daftari la hesabu mapema, akawaeleza watu miaka kadhaa kabla, akawapa nafasi ya kuokoa wanachoweza, anaweza kufunga kanisa bila kuwapoteza waumini wake.

Wakatoliki wa Afrika Mashariki na Kongo wanaoishi katika miji hiyo wana la kufanya pia. Jimbo linapopima parokia huhesabu wanaohudhuria Misa, ubatizo, ndoa, mazishi, sadaka na familia zilizoandikishwa. Huko Marekani, kusali kila Jumapili hakutoshi kumweka mtu katika daftari. Inabidi kujaza fomu ya uandikishaji katika ofisi ya parokia, jambo ambalo wageni wengi hawajaambiwa. Kwaya ya Kiswahili yenye watu themanini ambao hawajaandikishwa inaweza kuonekana mezani kwa askofu kama haipo. Jazeni fomu hizo. Mikutano ya kusikiliza maoni ikitangazwa, nendeni, semeni, na mwombeni paroko hesabu zilizo mbele yake.